Namna ya kuanzisha huduma ya kubadilishana mafaili bila kugongana na sheria ya hakimiliki

Mwaka 2011 nilikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi pale Mwenge, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Kompyuta ilikuwa moja, kadi rida moja iliyofungwa kwa gundi ya karatasi ili waya usichomoke, na kwenye kioo cha mbele nilikuwa nimeandika kwa kalamu nene: "Ngoma zote mpya zipo, zikitoka studio zinakuja hapa." Folda kubwa kuliko zote ndani ya kompyuta ile iliitwa MPYA WIKI HII. Siku moja aliingia kijana mwembamba, akaniomba nimfungulie folda hiyo, akaishuka taratibu kwa kidole mpaka akafika kwenye wimbo mmoja, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, huu ni wangu, na bado sijautoa. Nani kakupa?" Sikuwa na jibu. Wala sikuwa namficha mtu. Nyimbo ziliingia kutoka kwenye flashi za wateja na za wenye vibanda wenzangu, na hapakuwa na mahali popote palipoandikwa nani kaleta nini.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka leo kuanzisha huduma ya kubadilishana mafaili jijini Dar es Salaam, iwe tovuti, iwe programu ya simu, au iwe kisanduku cha waifai kinachowekwa kwenye steshenari ya jirani na chuo ili wanafunzi wapakue bila kuchoma bando. Nitaeleza mambo ya kufanya kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningeufuata kama ningeanza upya. Mwongozo hauchukui nafasi ya wakili, ila utakusaidia kwenda kwa wakili ukiwa na maswali mazuri, na hilo peke yake hupunguza gharama.

Kwanza, soma kesi tatu za wengine

Kesi hizi ni za Marekani na hazizifungi mahakama zetu, lakini ndizo zilizochonga karibu kila hoja utakayoisikia kuhusu teknolojia hii, popote ulipo.

Ya kwanza ni ya deki. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba Sony haiwezi kuwajibishwa kwa kuuza deki za Betamax eti kwa sababu wapo wanunuzi wanaorekodi vipindi vya watu wengine, kwa kuwa deki ilikuwa na matumizi mengi halali, likiwemo la kurekodi kipindi usiku ili ukitazame kesho yake. Ya pili ni ya Napster, iliyozinduliwa Juni 1999, mwaka uleule ambao Bunge letu lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Nyimbo zilikaa kwenye kompyuta za watumiaji wenyewe, lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye seva za Napster, na Februari 2001 mahakama ya rufaa ikaona kwamba mwenye orodha anajua kinachoendelea na anao uwezo wa kukizuia. Julai mwaka huo huduma ikazimwa.

Waliofuata wakadhani dawa ni kuondoa orodha. Grokster na mwenzake StreamCast wakatoa programu ambazo kompyuta za watumiaji zilitafutana zenyewe, bila seva ya katikati, wakiamini kwamba sasa wamekuwa kama mwuza deki. Juni 2005 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji wote 9, iliwakatalia, na sababu zake ndizo zinazokuhusu wewe. Mahakama haikujishughulisha sana na namna programu ilivyotengenezwa. Ilisoma matangazo na mawasiliano ya ndani ya kampuni. Ikaona mambo matatu: kwamba kampuni zilijinadi kwa waliokuwa wateja wa Napster, kwamba hazikufanya juhudi yoyote ya kupunguza uvunjaji wa haki, na kwamba mapato yao yalitokana na matangazo ya biashara, hivyo kadiri watu walivyopakua zaidi ndivyo fedha zilivyoongezeka. Mahakama ilitahadharisha kwamba kukosa kichujio cha kuzuia kazi zisizo na ruhusa peke yake kusingetosha kumtia mtu hatiani; kilichowaangusha ni kuwaalika watu waje wavunje haki.

Nilipoisoma hukumu hiyo miaka mingi baadaye, nilikiona kioo cha kibanda changu na yale maneno ya kalamu nene. Tangu hapo msimamo wangu ni huu, na mwongozo mzima umejengwa juu yake: kifaa cha kugawia mafaili huweza kutetewa, ila mwaliko wako na kumbukumbu zako ndivyo vitakavyosomwa kwa sauti mbele ya hakimu. Kwa hiyo vitengeneze hivyo kabla ya kuandika programu.

Andika daftari la mafaili

Chukua daftari au lahajedwali yenye safu nne: jina la faili, mwenye haki, ushahidi wa ruhusa, na tarehe. Faili ambalo safu yake ya tatu ni tupu lisipande kwenye huduma yako. Sharti hili linaonekana dogo mpaka utakapoanza kujaza, maana ndipo utagundua kwamba wimbo mmoja una wenyewe wengi. Sheria ya 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, bila mtunzi kulazimika kuisajili popote, na juu ya haki ya mtunzi inaweka hakishiriki, yaani haki za mwimbaji au mpigaji aliyeitumbuiza kazi hiyo na za mtayarishaji wa rekodi. Hapa mjini mara nyingi aliyeshika faili la mwisho ni mwenye studio, na mara nyingi yeye na msanii kila mmoja anaamini kwamba wimbo ni wake peke yake. Usijifanye hakimu kati yao. Pata saini za wote wawili au uache.

Filamu za nje zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zile za vibanda umiza, huwachanganya wengi kwa sababu mtafsiri ametia sauti yake, vichekesho vyake na hata majina mapya ya wahusika. Kazi hiyo ni ya kweli na ina ufundi, lakini kutafsiri ni miongoni mwa haki ambazo sheria imempa mwenye filamu, kwa hiyo ruhusa ya mtafsiri haitoshi. Vitini vya vyuo navyo vina mwenyewe, ambaye ni mhadhiri au chuo chake, hata kama kitini kimekwisha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa miaka mitatu mfululizo.

Mtu atakuuliza: je, sheria hairuhusu mtu kujitolea nakala kwa matumizi yake binafsi? Inaruhusu, kwa mipaka yake, kwa kazi iliyokwisha kutolewa kihalali. Lakini ruhusa hiyo ni ya yule anayenakili kwa ajili yake nyumbani, na haimfuati mwenye kisanduku anayewapa nakala wanafunzi 300 asiowajua. Usijenge biashara juu ya ruhusa ya mteja wako.

Sasa tuje kwenye mafaili yanayoruhusiwa, maana ni mengi kuliko watu wanavyofikiri, na ni hapa ningependa usimame muda mrefu zaidi.

Sheria yetu hailindi matini za sheria zenyewe, hukumu za mahakama, habari za siku kama habari, wala wazo tupu ambalo halijapewa umbo. Kisanduku kilichowekwa jirani na wanafunzi wa sheria kinaweza kujaa hukumu na sheria za nchi bila kumwomba mtu. Angalia tu kwamba unachoweka ni hukumu yenyewe. Muhtasari na maelezo yaliyoandikwa na mchapishaji wa majarida ya sheria ni kazi yake, na yanalindwa.

Kundi jingine ni la kazi ambazo muda wake umekwisha. Kwa Tanzania Bara, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Hata ukihesabu mpaka mwisho wa mwaka wa hamsini, muda huo ulikamilika mwishoni mwa 2012. Maneno aliyoyaandika yeye unaweza kuyachapa upya kwenye kompyuta na kuyagawa. Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba toleo unalolikuta dukani linaweza kuwa na dibaji, maelezo ya mhariri na michoro ya jalada vya watu walio hai, hivyo kupiga picha kurasa zote na kuzipakia ni jambo jingine kabisa. Wa pili ni kwamba intaneti haina mpaka wa Namanga wala Tunduma: nchi nyingi zimeweka miaka 70 baada ya kifo, na huko hesabu ya mtunzi huyohuyo inakwenda mpaka mwisho wa 2032. Kama huduma yako ni kisanduku cha waifai cha Sinza, hilo halikusumbui. Kama ni tovuti iliyo wazi kwa dunia nzima, liandike kwenye daftari. Zanzibar nayo ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, kwa hiyo ukivusha huduma kwenda Unguja isome kabla ya kupanda boti.

Kundi la tatu ni la kazi ambazo wenyewe wameziachia kwa leseni za wazi. Wikipedia ya Kiswahili iko chini ya leseni ya Creative Commons inayokuruhusu kuigawa, hata kwa malipo, mradi utaje chanzo na uiachie kwa masharti yaleyale. Na mradi wa Kiwix umeifunga yote katika faili moja la kusomwa bila intaneti, ambalo ni zawadi kubwa kwa mwenye kisanduku. Leseni hizi huandikwa kwa herufi, na ni lazima ujue kuzisoma. BY hukutaka umtaje mtunzi, SA hukutaka uachie kwa masharti hayohayo, ND hukukataza kuibadili kazi, na NC hukataza matumizi ya kibiashara. Ukiwa na tangazo la biashara hata moja kwenye ukurasa, usiweke kazi ya NC kabla ya kumwuliza mwenyewe. Programu huria, kama matoleo mbalimbali ya Linux, nazo ziko kwenye kundi hili, na wenyewe wanashukuru unapowasaidia kuzigawa.

Ngoma na hadithi za jadi zina sehemu yake maalumu ndani ya sheria. Usidhani kwamba kwa kuwa hazina mtunzi anayejulikana basi hazina ulinzi. Matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili huhitaji kibali.

Chagua umbo la huduma

Umbo la kwanza ni kisanduku: kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ruta ya waifai na diski ya nje ya kununua Kariakoo. Kinafanya kazi hata umeme wa intaneti, kama wanavyotania vijana, ukikatika. Uzito wake kisheria ni kwamba kila kilichomo umekiweka wewe, hivyo huwezi kusema "ni mteja aliyepakia". Daftari lako la safu nne ndilo kinga yako yote.

Umbo la pili ni tovuti au programu ambayo watumiaji wanapakia wenyewe. Hapa unapata kinga fulani, nitakayoieleza mbele, lakini unalazimika kuwa na mtu wa kupokea malalamiko kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo.

Umbo la tatu ni torenti, na nataka nilieleze kwa ukaribu kwa sababu watu wengi wanaitumia bila kujua inachofanya. BitTorrent, aliyoitoa Bram Cohen mwaka 2001, hulikata faili kubwa kuwa vipande vidogo, na kila kipande hupewa heshi, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi uliokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, kiasi kwamba ikibadilika hata herufi moja ya yaliyomo heshi nayo hubadilika. Kompyuta yako inapopokea kipande huikokotoa heshi upya na kuilinganisha. Zikitofautiana, kipande kinatupwa na kuombwa tena kwa mwingine. Sasa sikiliza: mara tu unapokuwa na vipande vichache, programu huanza kuvigawa kwa wengine wanaovihitaji, kabla hata wewe hujamaliza kupakua. Kwa hiyo kijana aliyekaa Tabata akisema "mimi nilikuwa natazama tu" hasemi kweli hata kama anaamini anasema kweli, kwa kuwa kwa saa nzima kompyuta yake ilikuwa msambazaji, na bando lake lilikuwa linaliwa pande zote mbili. Zaidi ya hayo, anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta yake mtandaoni, ilionekana kwa kila aliyeshiriki kugawana faili hilo.

Wengine hukimbilia VPN, yaani huduma inayoficha anwani hiyo ya IP. Kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kujisajili. Na hata bila tangazo hilo, VPN huficha njia tu, haimgeuzi asiye na haki kuwa na haki.

Torenti ni chombo kizuri pale unapokuwa na faili kubwa, lenye ruhusa, linalotakiwa na watu wengi kwa wakati mmoja: filamu ya wanafunzi, rekodi za kongamano, toleo jipya la programu huria. Ili kuligawa, liweke katika folda yake pamoja na faili dogo la maandishi lenye jina la mwenye haki na masharti ya leseni, kokotoa heshi ya faili kuu kwa njia iitwayo SHA-256, itangaze heshi hiyo kwenye ukurasa wako rasmi, kisha tengeneza torenti na uache kompyuta moja ikiwa hewani muda wote. Mtu akikuletea malalamiko kwamba faili lako lina virusi au limebadilishwa, heshi itaonyesha mara moja kama analosema ni lako au la mtu mwingine aliyelivika jina lako.

Maneno, na fedha

Pitia kila neno linaloonekana kwa mteja: jina la huduma, maelezo ya programu, majina ya folda, vibandiko ukutani, majibu ya vijana wako kwenye WhatsApp. "Filamu zote mpya bure" ni mwaliko. "Hifadhi na gawa kazi zako" si mwaliko wa uvunjaji. Usijaribu huduma yako kwa kupakia wimbo unaotamba wiki hii. Jaribu kwa sauti uliyoirekodi mwenyewe, hata kama ni kelele za kondakta. Na ujumbe wa ndani kati yako na mwenzako usiwe na utani ambao usingependa usomwe na wakili wa upande wa pili, kwa maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imezipa kumbukumbu za kielektroniki nafasi yake mahakamani.

Kuhusu fedha, ushauri wangu ni wa moja kwa moja: toza huduma, usitoze kazi. Toza nafasi ya kuhifadhi, kasi, au kazi ya kumwekea msanii ukurasa wake. Mapato yanayopanda kila wimbo usio na ruhusa unapopakuliwa ndiyo yaliyowaponza Grokster.

Wapo wafanyabiashara wanaodhani kwamba tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5, iliyoingizwa na Sheria ya Fedha ya 2023 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi, imekwisha kuwanunulia ruhusa. Tozo si leseni. Inalenga kuwafidia wenye haki kwa unakili usiohesabika. Haimpi mwenye duka idhini ya kugawa albamu nzima.

Pata ruhusa kwa maandishi

Ujumbe wa "poa kaka weka tu" ni bora kuliko kimya, lakini hausemi uweke wapi, mpaka lini, na kwa malipo gani. Karatasi moja inatosha. Mimi hutumia maneno haya:

"Mimi ________, mwenye haki katika kazi iitwayo ________, ninaruhusu huduma ya ________ kuihifadhi na kuitoa kwa umma kuanzia tarehe ____ hadi ____, bila malipo / kwa malipo ya Sh ________. Ruhusa hii hainizuii kuwapa wengine ruhusa kama hii. Ninathibitisha kwamba washiriki wafuatao katika kazi hii wamekubali: ________. Ninaweza kuisitisha kwa taarifa ya siku 7. Ninaelewa kwamba nakala zilizokwisha kupakuliwa na watu haziwezi kurudishwa."

Sentensi ya mwisho isomeni pamoja, kwa sauti, hasa kama mtatumia torenti. Msanii akishaielewa, huenda akabadili mawazo, na ni afadhali ayabadili siku hiyo.

Kwa kazi nyingi kwa pamoja, zungumza na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ambayo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 imekuwa ofisi ya usimamizi badala ya chama, huku kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikielekezwa kwa kampuni zilizopewa leseni ya kazi hiyo. Msanii anayekuletea kazi mshauri aisajili huko. Usajili hauzai haki, lakini ni ushahidi mzuri sana siku madai mawili yanapogongana.

Tovuti inayochapisha maudhui kwa umma iangalie pia masharti ya leseni ya TCRA chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020. Na kwa kuwa utakuwa unaweka namba za simu za wanaopakia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu: weka zile tu unazozihitaji, na uzilinde.

Jenga njia ya malalamiko kabla ya mlango wa kupakia

Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, ina sura mbili kwako. Kifungu cha 24 kinamshughulikia anayetumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki za miliki ubunifu: pasipo biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote, kwa biashara, faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote, na juu yake fidia. Upande wa pili, sheria hiyohiyo haimlazimishi mtoa huduma kupekua kila kinachopita kwake, na inampa kinga kwa kilichohifadhiwa na mtumiaji, lakini kinga hiyo inasimama juu ya kuchukua hatua mara moja pale anapopata amri au taarifa. Kifungu cha 45 ndicho kinachoweka utaratibu wa mtu kumtaka mtoa huduma aondoe kitu.

Kwa vitendo, weka kwenye kila ukurasa kiungo kilichoandikwa "Kazi hii ni yangu". Fomu iulize jina na anwani ya mlalamikaji, kazi inayohusika, kiungo cha faili, hatua anayotaka ichukuliwe, na tamko kwamba anayosema ni ya kweli. Ikishaingia, mfumo utoe namba ya malalamiko na muda. Faili lifungwe kwa umma bila kufutwa, maana ukilifuta umefuta na ushahidi. Aliyepakia apelekewe taarifa na nafasi ya kujibu. Kisha uamuzi uandikwe. Heshi ya faili lililoondolewa iingie kwenye orodha ya kukataa, ili lilelile lisirudi jioni kwa jina jingine. Orodha hii ni rahisi na haina gharama, ingawa mtu akikata sekunde mbili mwanzoni mwa wimbo heshi inabadilika na kichujio chako kinapitwa. Mifumo ya kutambua sauti yenyewe, kama Content ID iliyoanza YouTube mwaka 2007, haipitwi kirahisi hivyo, lakini si ya mfuko wa mtu anayeanza.

Na hapa ndipo unapoonekana upepo unakoelekea. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo ambalo Ibara yake ya 17 inazitaka huduma kubwa za kupakia maudhui zitafute leseni na zizuie kazi zisizo na ruhusa, huku ikizilegezea huduma changa zenye umri chini ya miaka 3 na mauzo ya mwaka chini ya yuro milioni 10. Kama mawazo ya aina hiyo yatafika kwetu, ningependa yaje na ulegezaji huo, kwa sababu sheria inayomtaka mwenye kisanduku cha Sinza awe na kichujio cha kampuni kubwa itawaachia soko kampuni kubwa peke yake. Wakati huohuo kubadilishana kompyuta kwa kompyuta hakuondoki. Kunazidi kuhamia kwenye mifumo isiyo na mwenyewe wa kumpelekea barua, na huko kitakachobaki cha kuhojiwa ni maneno ya aliyetoa programu na kumbukumbu za aliyepakia.

Kabla ya kufungua, fanya jaribio moja. Mwite rafiki ambaye hajawahi kuiona huduma yako, mpe jina la faili lolote lililomo, na umwambie aje kama mwenye kazi. Washa saa ya simu. Aseme, "Huu ni wangu, nani kakupa?" Mhudumu wako, si wewe, afungue daftari, amwonyeshe jina, tarehe na karatasi yenye saini, kisha alifunge faili mbele yake. Mara ya kwanza tulipojaribu na vijana ninaowasaidia sasa, ilichukua dakika 41, nyingi zikiwa za kutafuta karatasi iliyowekwa kwenye begi la mtu aliyekuwa Mbagala. Tukazipiga picha karatasi zote, tukaziunganisha na namba ya faili, tukarudia. Dakika 3. Siku hiyo tukafungua.